Chini ya Mashua ya Mabenchi

Harufu ya nta inayoyeyuka ina watu wake wanaoipenda, na mimi si mmoja wao. Jirani yangu hapa Emali huuza asali kando ya barabara, na kila anapochemsha masega nyuma ya duka lake, wateja husimama wakavuta pumzi na kusema panapendeza. Mimi hufunga dirisha. Huniuliza asali yake imenikosea nini, nami humtania kwamba asali haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Tunacheka, halafu narudi ndani na moyo mzito. Harufu ile ikichanganyika na joto la adhuhuri hunirudisha kwetu, kusini mwa Kitui, nikiwa darasa la tano, nimelala chali mchangani chini ya mashua iliyopinduliwa, macho yangu yakitafuta mwanga.

Najua mtu akisikia mashua na Kitui zikitajwa pamoja atanicheka. Mto wetu ni mto wa mchanga. Kwa miezi mingi ya mwaka huwa kama barabara pana nyeupe ambayo mbuzi huivuka bila kulowesha kwato, na akina mama huchimba visima ndani yake, wakainama humo kuchota maji kwa kikombe, kidogo kidogo, hadi mtungi ujae. Lakini mvua ikinyesha vilimani, hata kama kwetu jua linawaka, mto huja. Kwanza unausikia ukinguruma kwa mbali, kisha ukingo hadi ukingo ni maji mekundu yaliyobeba miti na mizoga. Hukaa siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki nzima. Kijiji chetu kilikuwa upande huu, na barabara ya kwenda Mutomo, maduka na hospitali vilikuwa ng'ambo. Daraja halikuwapo. Mtu akiugua mto ukiwa umejaa alingojea maji yapungue au alingojea kufa, na hakuna aliyejua kipi kingetangulia.

Mvua ya mwaka uliotangulia ilimkuta mama na uchungu wa kuzaa. Baba alimpakia kwenye mkokoteni wa punda hadi ukingoni, mimi nikifuata na shuka na chupa ya chai. Tulikaa pale siku nzima na usiku wake. Mtoto alizaliwa pale pale, chini ya turubai, mikononi mwa wanawake wa jirani. Alilia mara moja tu, akafa kabla hajapewa jina, na mama mwenyewe alipona kwa shida. Maji yalipokwisha, Syokau, dada yake mama aliyekuwa na duka la nguo Mutomo, alivuka kuja kutupa pole. Mbele ya akina mama wa kanisa alitamka neno ambalo halikutoka tena nyumbani kwetu. Alisema, "Mwanaume mzima anasimama kando ya mto kama mtu anangojea gari." Baba alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Tulisikia shoka likinyamaza.

Baba alikuwa seremala. Vitanda, milango, mizinga ya nyuki na majeneza ya kijiji kizima yalitoka chini ya mabati ya karakana yake, na mabenchi ya kanisa letu aliyatengeneza yeye kabla sijazaliwa. Mwaka ule kanisa lilipata viti vya plastiki, na mchungaji akamwambia ayachukue mabenchi ya zamani kwa kuwa ni jasho lake. Yalirundikwa uani wiki nyingi, kuku wakayafanya makao. Kisha mama akamwambia kwamba ana mimba nyingine. Asubuhi iliyofuata Baba alianza kung'oa misumari ya mabenchi. Ujanani alikuwa amefanya kibarua kwenye bwawa moja la Mto Tana, akaziona mashua ndogo za wavuvi zikipita, na hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya mashua.

Umbo halikumshinda. Kwa mwezi mmoja na nusu kitu kile kilipata mbavu na ubavu, kikawa mashua kweli, ya kubeba watu watatu na mpiga kasia. Kilichomshinda ni mianya. Mbao zile zilikuwa zimekaliwa na waumini kwa miaka mingi, zimekauka kabisa, na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Jioni alizishikanisha ubao kwa ubao hata wembe haupiti, na kesho yake saa sita mbao zilikuwa zimejikunja, unaweza kupitisha sarafu. Tena kulikuwa na matundu ya misumari ya zamani, mengi, kila moja likitaka kuzibwa. Nimekuja kujua ukubwani kwamba watu wa pwani wana neno lao la kazi hii, wanaiita kalafati, na wana pamba zake, mafuta yake na vyuma vyake. Sisi tulisema kuziba tu, na tukatumia tulichokuwa nacho. Mama alikuwa na nyuzi za mkonge za kusukia vyondo. Baba alikuwa na nta ya mizinga yake. Alisokota mkonge, akauchovya kwenye nta iliyoyeyushwa ndani ya sufuria kuukuu, akauingiza kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo, taratibu, mpaka mwanya ushibe. Mwalimu wetu alipotufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nilijiona bingwa wa methali hiyo darasa zima.

Mtu wa penye maji angeisukuma mashua majini aone inavuja wapi. Sisi tulikuwa na mitungi sita kwa siku, ya watu, mbuzi na punda, na kila mtungi mama aliutoa chini ya mchanga akiwa na tumbo lake. Siku moja Baba alithubutu kuomba mitungi kumi ya kumwaga ndani ya mashua. Mama alimtazama tu, na ombi hilo halikurudi. Ndipo Baba alipopata akili ya kutumia jua. Aliipindua mashua, akafukia kingo zake kwa mchanga pande zote ili ndani kuwe giza, akachimba njia ndogo ya kuniingiza mimi kwa kuwa nilikuwa mwembamba, kisha akaiziba kwa gunia. Jua likifika utosini, kila mwanya uliobaki uliwaka. Kazi yangu ilikuwa kugonga kwa jiwe pale nilipoona mwanga. Yeye huko juu alipapasa, akauliza, ni hapa, nami nikamwelekeza, sogea kidogo, hapo, mpaka mkonge uingie na mwanga uzimike. Nta ilinidondokea shingoni na kwenye nywele, na jasho likaniingia machoni. Nitasema ukweli, niliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote. Baba hakuwa mtu wa maneno, lakini kupitia ubao aliongea nami kuliko alivyowahi kuongea nami mezani. Aliniuliza habari za shule, akanieleza tabia za miti, hata akanisimulia jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza kwenye kwaya.

Majirani walimwita Nuhu, kama ulivyotarajia. Kilonzo, jirani yetu wa karibu na mwenye mdomo usiopumzika, alimwuliza kila Jumapili kama ameshawaandikisha twiga. Baba alivumilia. Mama ndiye aliyelipokea jina lile kwa uchungu. Jioni moja akichambua kunde alisema, si kwa sauti kubwa, "Nuhu aliambiwa na Mungu. Huyu ameambiwa na Syokau." Nilicheka, halafu nikaona kwamba yeye hacheki.

Maana mama hakuitaka mashua. Mama alitaka kitu chepesi. Mto ulikuwa mkavu, miguu yake ilikuwa mizima, na dada yake alikuwa na chumba Mutomo, hatua chache kutoka hospitalini. Alitaka avuke mapema kwa miguu yake mwenyewe, akae huko hadi ajifungue, mvua ije au isije. Alimwomba Baba mara tatu nikisikia. Mara ya kwanza Baba alisema atafikiri. Mara ya pili alisema mashua inakaribia kwisha. Mara ya tatu alisimama mlangoni, mikono imejaa nta, akasema mke wake hatakwenda kuzalia nyumbani kwa mtu aliyemtukana mbele ya kanisa, na kwamba siku ikifika atamvusha yeye mwenyewe, kijiji kizima kiwe ukingoni kikitazama. Mkataa pema pabaya panamwita, bibi yangu alikuwa akisema, lakini bibi alikuwa ameshakufa na hakuna mwingine aliyeweza kumwambia Baba hivyo. Nilimpenda, na nilimwogopa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona amekosea. Kwa mtoto, hilo ni jambo la kutisha.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa vilima. Redio ikasema mvua iko karibu. Jioni hiyo mama alinikuta nikiosha sufuria, akainama kwa shida kuokota kifuniko, akaniambia bila kunitazama, "Kesho baba yako akikuingiza chini ya mashua, usitoke haraka." Hakuniambia nidanganye. Nimemtetea hivyo miaka yote, na nitamtetea hadi mwisho, kwa sababu uongo wenyewe niliutunga mimi.

Kesho yake niliingia chini saa sita kasoro. Mianya miwili tu ndiyo iliyokuwa ikiwaka, mmoja mbele, karibu na omo, mwingine ubavuni. Tuliiziba upesi. Mwanga wa pili ulipozimika, nikageuka huku na huku na sikuona kitu. Giza lilikuwa kamili. Mashua ya Baba ilikuwa imekamilika, na mtu wa kwanza duniani kulijua hilo nilikuwa mimi. Nilitamani kupiga kelele nitoke nimkumbatie. Wakati huo huo nikasikia kandambili za mama zikipita uani, na matawi ya miiba tuliyofungia boma yakiburutwa, polepole, yakirudishwa. Nikachukua jiwe nikagonga mahali pasipo na kitu.

Baba alipapasa. "Mbona hapa naona pameshiba?"

"Kuna mwanga, Baba."

Akaniamini. Akachimbua ule mkonge wake mzuri kwa patasi, na mwanga ukaingia kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameufungulia. Akaziba upya. Nikagonga kwingine. Akachimbua, akaziba, huku akiimba. Nilikuwa nikiziwaza hatua za mama, sasa yuko kwenye kunde, sasa anateremka ukingoni, sasa yuko katikati ya mchanga na kiondo chake, sasa anapanda, sasa yuko barabarani anangojea gari. Nilimpa muda wa kupumzika njiani kwa sababu ya tumbo. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini mchana ule mimi niliiona ndefu. Nilipoteza hesabu baada ya mara ya saba. Nilitoka jua lilipoanza kuinama na kazi haikuwezekana tena. Baba alinipangusa mchanga mgongoni akasema nimefanya kazi kama mtu mzima.

Aliniuliza mama yuko wapi, nikasema amekwenda mtoni, na hilo halikuwa uongo. Jioni Kilonzo alipita akasema amemwona akipanda gari la Mutomo. Baba aliingia ndani, akafungua sanduku, akaona nguo za mtoto hazipo. Alirudi akasimama karibu nami. Nilingoja kofi, halikuja. Mto ulikuwa bado mkavu. Angeweza kuvuka jioni ile ile kwa miguu, au kesho yake, au siku yoyote kati ya siku ishirini zilizofuata, akabisha mlango wa Syokau na kukaa na mkewe. Hakwenda. Alisema atakwenda kumtembelea mto ukijaa, kwa mashua, Syokau aone. Nilimkasirikia kwa hilo, na bado ninamkasirikia.

Mvua ilikuja kwa fujo. Siku ya pili mto ukiwa umefurika, Kilonzo alikuja mbio na simu yake, Syokau yuko upande wa pili akilia. Mama alikuwa hospitalini tangu alfajiri na mambo hayaendi vizuri. Baba aliwaita wanaume sita. Waliibeba mashua mabegani hadi ukingoni, mvua ikiwapiga, na safari hii hakuna aliyetaja twiga. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba kasia. Walipoitua, na Baba akainama kuvua viatu, nilielewa kwamba anaingia kwenye maji yale akiamini mkonge niliomfanya achimbue na kuziba upya ovyo mchana ule. Nikaenda nikamshika shati.

"Baba, usiingie. Siku ile mama alienda, nilikudanganya. Nilikuwa nagonga mahali pazuri."

Alinitazama. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka usoni. "Wapi?"

"Sikumbuki."

"Ingia chini uangalie."

Waliipindua mashua juu ya mchanga uliolowa, nikaingia. Nilitazama hadi macho yakauma. Hapakuwa na jua. Mwanya mzuri na mwanya mbaya vilikuwa giza lile lile. Nilipapasa kwa vidole, kila mahali palikuwa na nta, kila mahali palikuwa sawa. Nilisema, "Sioni kitu, Baba," na sauti yangu ikanirudia ndani ya mbao zile.

Hata hivyo aliingia. Kilonzo alimfunga kamba kiunoni kwa lazima. Walimsukuma kwenye maji ya pembeni yaliyotulia kidogo, na kabla hajaufikia mkondo wenyewe tuliona ameacha kasia na anachota maji kwa beseni. Maji yalikuwa yakiingia kutoka kila upande. Walivuta kamba, yeye akipiga kelele wamwache. Mashua ilipogota mchangani alikuwa ameketi ndani yake, maji yamefika magotini, beseni mkononi, akitazama ng'ambo. Hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Alikaa hivyo hadi simu ya Kilonzo ilipolia tena alasiri. Mtoto wa kiume. Mama alikuwa amepasuliwa, na wote wawili walikuwa hai. Daktari alikuwa amesema wangechelewa hata nusu siku wangezikwa wawili. Wanaume walishangilia, mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Baba alishuka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani bila kuvaa viatu. Mvua ilimpa mdogo wangu jina lake, Wambua.

Mama alirudi mto ulipokauka, akitembea juu ya mchanga na mtoto mgongoni. Baba alimpokea kiondo. Waliishi pamoja, na hadi leo wanaishi pamoja, wanaitana kwa heshima na kuombeana kanisani. Lakini mimi sikuitwa tena karakanani. Nilipoenda kumshikia ubao alisema haina haja. Alimfundisha Wambua useremala alipokua, na mimi nikafundishwa na walimu. Mashua iliachwa ukingoni, mbao zake zikachukuliwa moja moja, na mwaka uliofuata hapakuwa na alama.

Sasa pale mtoni pana daraja la saruji. Si refu wala si zuri, lakini Wambua hulivuka kwa pikipiki kwa muda ambao hautoshi kumaliza salamu, amebeba vitanda vya wateja wa Mutomo, na wanawake wa kijijini wanaokwenda kujifungua hawajui kama wamepita mahali pa kuogopa. Nikiwaona hufurahi, kisha najikuta nimeudhika, kama mtu aliyelipia kitu ambacho sasa kinagawiwa bure. Mwaka jana mwalimu mwenzangu aliyezaliwa Lamu alinisikiliza nikimsimulia haya yote, akatikisa kichwa. Alisema mbao zilizokauka hivyo lazima zinyweshwe siku kadhaa ndipo zivimbe na kufunga, na kwamba mashua yoyote iliyozibwa ikiwa kavu na kutiwa majini papo hapo huvuja, hata ingezibwa na malaika. Akasema uongo wangu haukuongeza wala kupunguza kitu. Nililia mbele yake bila aibu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani na habari hiyo kama zawadi. Baba amezeeka, mikono inamtetemeka, lakini masikio ni mazima. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ya mbao nilijua siku ile ile," akasema. "Maji yaliingia kila mahali. Mtoto mmoja hawezi kuharibu kila mahali."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini basi alininyamazia miaka yote hii.

"Mchana ule nilikuwa naimba. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Baba."

"Nilikuwa naimba juu kwa sababu wewe uko chini. Unanidanganya, na unanisikia naimba." Alipangusa mdomo. "Mama yako alifanya vizuri kuenda. Wambua yuko hai, namshukuru Mungu, na wewe pia nakushukuru. Lakini kukusamehe, bado, Mueni. Nisikudanganye."

Nilimwambia nimesikia. Kisha tukakaa pale mlangoni, mimi na yeye, tukimngojea Wambua arudi kutoka ng'ambo.